Mholanzi wa Ruashi

Tulimwita Mholanzi, na hakuwahi kupita Kasumbalesa.
Safari zake zilikuwa Likasi, na Kipushi,
nyuma ya lori, juu ya magunia ya unga.
Jina lake Nkulu Banze, mtoto wa mchomelea vyuma.
Uholanzi wake wote ulikuwa sweta moja
rangi ya machungwa, kiwiko kimetoboka,
aliyoinunua mitumba kwenye soko la Zambia
siku aliposajiliwa Umoja wa Ruashi
kuwa golikipa wa tatu.

Wa tatu, mfahamu maana yake:
wa kwanza huumia,
wa pili huomba aumie,
wa tatu hubeba mipira.

Misimu kumi na tisa alibeba mipira.
Aliona makocha kumi na wanne wakija na filimbi
na kuondoka bila mshahara.
Aliona uwanja ukiwa vumbi jekundu mwezi wa nane,
matope mekundu mwezi wa kwanza.
Mama yake akaacha kuuliza kama wameshinda,
akawa anauliza tu kama sweta inataka kufuliwa.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza.
Niseme nisiseme, mikono hii ameifinyanga yeye.
Alfajiri, bomba la moshi la kiwandani
likiwa bado limekatwa kichwa na ukungu,
alinirushia: chini kushoto, chini kushoto,
chini kushoto mpaka nikamtukana,
ndipo juu kulia.
"Mshambuliaji hana huruma," alisema,
"nami sina kazi nyingine."

Mfukoni alikuwa na picha, kipande cha gazeti
kilichofungiwa mikate ya mafuta, madoa bado yanang'aa:
mzee wa Kiholanzi benchini, ndevu zina mvi,
glavu mikononi, kamba za viatu zimekazwa barabara.
Jina hatukulijua. Mafuta yalikuwa yamelila.
"Mtazame," aliniambia. "Amevaa.
Hajaitwa. Lakini amevaa."

Yeye aliitwa mara kumi na moja.
Nitasimulia moja.

Dakika ya themanini na nane, sare na watu wa Kipushi,
nikamvuta mtu jezi.
Kadi nyekundu, penalti.
Wa pili alikuwa nyumbani, malaria imemlaza.
Nilipofika kando nikamkuta Mholanzi amekwisha simama,
sweta chini ya jezi, joto lote lile,
kana kwamba alipewa habari tangu mwaka uliopita.
Tulipopishana hakunitazama.
Alitemea glavu mate, akaenda.

Akaruka chini kushoto.
Nilisikia mfupa kabla ya wavu.
Naam, wavu. Uliingia, tukafungwa,
mashabiki wakaturushia maganda ya miwa,
na kocha wa kumi na tano akaanza kufunga mizigo.
Yeye alitoka ameinua kidole kilichovunjika
kama mtu aliyeuona mwezi wa mwandamo:
"Niliugusa. Musoya, umeona? Niliugusa."

Sikumjibu. Nilikuwa nalia kwa ajili yangu mwenyewe.

Sasa ana miaka hamsini na minne, anachaji watu simu
katika kibanda cha mabati karibu na reli.
Sweta imekuwa kitambaa cha kufutia vioo.
Kidole hakikunyooka tena.
Mgeni akimuuliza njia ya Katuba
humwonyesha kwa moyo wote, mkono wote mbele,
ila kidole chenyewe kinaelekea mtaa wa Kenya.
Nusu ya wageni wa mji huu
wamepotea kwa sababu ya penalti ile.
Wakirudi kulalamika huwapa maji, huwapa kigoda,
huwaeleza polepole
jinsi mpira ulivyokuja.